Jim Gabarra na Uwanja wa Germantown

Septemba 1988, timu ya soka ya Marekani ilipofika Seoul kwa michezo ya Olimpiki, hakuna aliyeipa nafasi. Nchi nzima haikuwa na ligi kubwa ya soka la nje. Ile ya zamani, NASL, iliyomleta Pelé mjini New York, ilikuwa imeshafungwa miaka mitatu nyuma, na wachezaji waliobaki waliokotwa vyuoni, kwenye vilabu vidogo na kwenye soka la ukumbini. Walitoka sare ya 1–1 na Argentina, wakatoka suluhu na wenyeji, kisha wakafungwa 4–2 na Umoja wa Kisovyeti, ambao ndio waliondoka na dhahabu.

Katika kikosi kile walikuwamo watu wawili ninaotaka kuwazungumzia. Mmoja alikuwa mtoto wa Germantown, katika jimbo la Maryland. Mwingine alikuwa hajui kwamba miaka mingi ya kazi yake ya ukocha ingepita hapo hapo Germantown.

Wa kwanza ni Bruce Murray, mshambuliaji, aliyezaliwa Januari 1966. Alichezea Chuo Kikuu cha Clemson huko South Carolina chini ya kocha Ibrahim Ibrahim, Mpalestina mzaliwa wa Haifa, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa amejenga timu yake kwa vijana kutoka Karibiani na Nigeria. Clemson ilichukua ubingwa wa vyuo 1984 na tena 1987, na mwaka huo wa pili Murray akapewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Marekani ilipofuzu Kombe la Dunia la 1990, mara yake ya kwanza baada ya miaka 40, Murray alikuwamo, na bao pekee la Marekani dhidi ya Austria kule Florence lilikuwa lake. Alipoacha timu ya taifa mwaka 1993 alikuwa na mabao 21, na hakuna Mmarekani aliyekuwa amefunga mengi zaidi. Akaenda Uingereza, Millwall. Lakini kichwa chake kilikuwa kimegongwa mara nyingi mno. Mwaka 1995 akatundika daluga, bado hajafika 30, kisha akageukia kufundisha vijana. Mwaka 2011 jina lake liliingizwa katika ukumbi wa heshima wa soka la Marekani.

Miaka 20 baada ya Murray kustaafu, mwaka 2015, shirikisho la soka la Marekani lilipiga marufuku watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa. Hilo la kichwa litarudi tena katika habari hii.

Germantown alikozaliwa Murray ilikuwa kijiji. Iko kilomita kama 40 kaskazini-magharibi ya Washington. Jina lilitokana na wafanyabiashara wachache wa Kijerumani waliofungua maduka kwenye njia panda karne ya 19, ingawa wakulima wengi wa pale hawakuwa Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ilihamishia huko makao ya Tume ya Nishati ya Atomiki, kwa hesabu kwamba bomu la nyuklia likiangukia Washington, ofisi hizo zitasalimika. Baada ya ofisi zikaja nyumba, na baada ya nyumba watu kutoka kila pembe ya dunia. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya 90,000.

Mtu wa pili ni Jim Gabarra, aliyezaliwa 1959. Jina lake halikuvuma kama la Murray. Sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji aliipitisha ukumbini, Louisville na baadaye Los Angeles, katika mchezo ambao wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajauona, kwa hiyo nitaueleza kidogo. Uwanja ni ule ule wa hoki ya barafu, ila juu ya barafu au saruji hutandikwa zulia la nyasi bandia. Kila upande una watu 6 pamoja na golikipa. Pembeni hakuna mstari wa kutoa mpira nje. Kuna ukuta wa mbao uliopandishwa kioo juu yake, na mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Mchezaji mjanja humpigia mwenzake pasi kwa kuugongesha mpira ukutani. Wachezaji hubadilishwa bila mchezo kusimama, kila dakika mbili tatu, kwa sababu hakuna mapafu yanayostahimili kasi ile. Aliyelelewa hapo hujifunza kuamua haraka na kuuona uwanja kama chumba chenye kuta.

Ligi kubwa ya mchezo huo wa ukumbini, MISL, ilikufa 1992. Ikaja nyingine iliyochezwa majira ya joto, CISL, na Washington ikapata timu iliyoitwa Warthogs, yaani ngiri, iliyocheza katika ukumbi wa Landover, nje kidogo ya jiji. Gabarra akawa kocha mchezaji wa Warthogs. Hapo ndipo alipovuka kutoka uwanjani kwenda benchi, na kuvuka kwenyewe hakukuwa kwa siku moja: bado anavaa jezi, bado anapigwa viatu miguuni, na wakati huo huo ndiye anayepanga nani aingie na nani atoke. CISL nayo ikafungwa baada ya msimu wa 1997. Ligi ya pili hiyo.

Aliyeileta familia hiyo Maryland, kwa maoni yangu, ni mke wake kuliko yeye. Carin Jennings, anayejulikana sasa kama Carin Gabarra, ndiye mchezaji bora wa Kombe la kwanza la Dunia la wanawake, China, Novemba 1991. Katika nusu fainali aliwafunga Wajerumani mabao 3 peke yake, mechi ikaisha 5–2. Mwaka 1993 alianza kuifundisha timu ya wanawake ya Chuo cha Jeshi la Majini kule Annapolis, huku bado anachezea taifa, na mwaka 1996 akachukua dhahabu ya Olimpiki. Nyumba moja ikawa na makocha wawili. Mume alikuwa na sababu ya kuuona mpira wa wanawake kama mpira, wakati wanaume wengi wa taaluma yake waliuona kama hisani.

Kombe la Dunia la wanawake la 1999 lilijaza viwanja vya Marekani, na John Hendricks, mwanzilishi wa televisheni ya Discovery, akawakusanya matajiri wa kebo kuanzisha ligi ya kwanza ya kulipwa ya wanawake, WUSA. Timu ya Washington iliitwa Freedom, ikamsajili Mia Hamm, nyota mkubwa kuliko wote, na benchi wakamkabidhi Gabarra. Tarehe 14 Aprili 2001, uwanja wa RFK mjini Washington ulipokea watu zaidi ya 34,000. Freedom ilishinda 1–0 dhidi ya timu ya San Jose, kwa penalti iliyopigwa na Mbrazili Pretinha baada ya Hamm kuangushwa.

Baada ya sherehe ile ukaja msimu wenyewe, na ulikuwa mchungu. Freedom ilimaliza karibu na mkia. Kwetu kocha wa aina hiyo angefunga virago kabla ya Krismasi. Wenye timu waliamua kumbakiza, na mwaka uliofuata akamsajili msichana mrefu kutoka Chuo Kikuu cha Florida, Abby Wambach, mwenye kichwa kinachofika kwenye mpira kabla ya mikono ya golikipa. Akamleta pia beki Mjerumani, Steffi Jones. Mwaka 2002 walifika fainali wakafungwa 3–2. Mwaka 2003 waliingia nne bora wakiwa wa nne, wakaitoa Boston iliyoongoza ligi, na tarehe 24 Agosti, kule San Diego, wakaifunga Atlanta 2–1 katika muda wa nyongeza. Mabao yote mawili yalikuwa ya Wambach.

Gabarra alikuwa bingwa kwa wiki tatu. Tarehe 15 Septemba 2003, siku 5 tu kabla ya Kombe jingine la Dunia la wanawake kuanza, tena kwenye ardhi ya Marekani, WUSA ilitangaza kusimamisha shughuli. Fedha zilizotengwa kwa miaka mitano, dola milioni 40, zilikuwa zimeishia mwanzoni kabisa, na hasara ya misimu mitatu ilikaribia milioni 100.

Msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar asimame hapa kidogo afikirie. Abdallah Kibadeni wa Simba aliifunga Yanga mabao 3 peke yake katika ule ushindi wa 6–0 wa Julai 1977, na mwaka 1993, akiwa kocha, akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Kati ya miaka hiyo miwili makocha walikuja na kwenda wasiohesabika, lakini Simba ilikuwapo, na Yanga ilikuwapo, kama zilivyokuwapo tangu miaka ya 1930. Kwetu klabu ni mti na kocha ni jani. Kwa Gabarra mambo yalipinduka: yeye ndiye aliyekuwa akibaki amesimama, na miti ikianguka mmoja baada ya mwingine. Klabu ya Marekani ni kibali cha biashara ndani ya ligi. Ligi ikifunga duka, klabu haina daraja la chini la kwenda kujificha. Nadhani huwezi kuielewa kazi ya mtu huyu kwa kuhesabu vikombe. Umhesabie ligi zilizofungwa akiwa ndani yake, na uangalie alifanya nini asubuhi iliyofuata.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Germantown.

Oktoba 2000, katika Hifadhi ya South Germantown, palikuwa pamefunguliwa viwanja vya soka zaidi ya 20 kwa pamoja, vikiitwa Maryland SoccerPlex. Anuani ya posta inasema Boyds, kijiji cha jirani, lakini hifadhi ni ya Germantown. Ardhi ni ya umma, na uendeshaji uko mikononi mwa wakfu usiolenga faida ambao Maureen Hendricks, mke wa yule John wa Discovery, aliusimamia kwa miaka. Uwanja mkuu umepewa jina lake. Ni uwanja mdogo, wa watu wasiofika 6,000 hata ukijaa. Nyasi zake ni fupi na zimebana, sawa kama meza, na wachezaji wa kigeni waliusifu kuliko viwanja vikubwa vya mjini vilivyochorwa mistari ya mpira wa Kimarekani. Majukwaa yako karibu na mstari kiasi kwamba kocha akimfokea beki, shabiki wa safu ya tatu anasikia. Mechi ikiisha, watoto waliokuwa wanacheza viwanja vya pembeni asubuhi hiyo hiyo hukimbilia uzio na jezi na kalamu mkononi, na wachezaji hupita wakitia saini mmoja mmoja.

Akina Hendricks walikataa kuizika Freedom. Ikacheza mechi za kirafiki, kisha 2006 ikaingia W-League, ligi ya ridhaa ambamo wanafunzi wa vyuo walichanganyika na wakongwe wasiolipwa. Gabarra aliendelea na timu. Mwaka 2007 wakachukua ubingwa wa ligi hiyo. Huu ndio muda wa kazi yake ambao magazeti hayakuuandika, nami ndio ninaouheshimu zaidi. Bingwa wa taifa wa 2003 alikuwa akifundisha wasichana wanaowahi masomo Jumatatu, katika uwanja wa watoto, ili siku ligi ya kulipwa ikirudi jina la Freedom liwe na watu ndani yake.

Ligi ikarudi 2009, ikiitwa WPS. Freedom ikarudi kwenye malipo na Wambach wake, na Germantown ikapata wageni ambao hata sasa nikiwataja ninashangaa kwamba walipita pale. Homare Sawa, Mjapani, ambaye mwaka 2011 angeipa Japani Kombe la Dunia na kuwa mchezaji bora wa mashindano. Sonia Bompastor, beki Mfaransa, ambaye mwaka 2022 angekuwa mwanamke wa kwanza kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa mchezaji na tena akiwa kocha, zote mbili na Lyon, kabla ya kwenda Chelsea. Steffi Jones wa 2003 naye baadaye aliifundisha timu ya taifa ya Ujerumani. Sisemi Gabarra ndiye aliyewafanya makocha. Nasema walikaa chini ya mtu aliyekuwa ameishi pande zote mbili za mstari, na waliona kazi hiyo ikifanywa.

Agosti 2009, katika mtoano uliochezwa SoccerPlex, Sky Blue ya New Jersey iliitoa Freedom 2–1. Benchi la Sky Blue lilikuwa limepoteza makocha wawili msimu huo, kwa hiyo beki wao Christie Rampone alikuwa anacheza na kufundisha kwa wakati mmoja, na zaidi ya hayo alikuwa na mimba changa ambayo hakuitangaza hadi ubingwa ulipopatikana wiki iliyofuata. Gabarra, kocha mchezaji wa zamani, alitolewa na kocha mchezaji wa aina ambayo hata yeye hakuwahi kuiona.

Aprili 2010 golikipa wa Freedom, Briana Scurry, yule aliyepangua penalti ya Wachina katika fainali ya 1999, alipigwa goti kichwani katika mechi dhidi ya Philadelphia. Hakucheza tena. Maumivu ya kichwa yalimtesa kwa miaka hadi alipofanyiwa upasuaji Washington mwaka 2013. Hilo ndilo nililosema litarudi.

Mwisho wa mwaka huo wa 2010 Freedom iliuzwa, ikahamishiwa Florida, ikabadilishwa hata jina. Gabarra hakwenda nayo. Alikwenda New Jersey kuifundisha Sky Blue, na baadaye nahodha wake akawa Rampone yule yule. WPS ilikufa mwaka 2012. Ukianzia na MISL, hiyo ni ligi ya nne ya kulipwa aliyoishi ndani yake ikazikwa. Ya tano, NWSL, ilianza 2013 na ingali hai. Washington ikaingia kwa jina la Spirit, nyumbani kwake pale pale SoccerPlex. Kwa misimu mitatu Gabarra aliingia uwanja ule kwa mlango wa wageni.

Msimu wa 2016 akarudi kwenye benchi la wenyeji. Nahodha wake, Ali Krieger, aliyekulia Virginia, ng'ambo ya mto Potomac, aliwahi kuchezea Freedom enzi za W-League. Beki Estelle Johnson alizaliwa Cameroon na miaka mitatu baadaye angeichezea nchi hiyo Kombe la Dunia. Mbele alikuwapo Mnigeria Francisca Ordega na Crystal Dunn, mwepesi kama swala. Spirit ilishika nafasi ya pili, juu kuliko ilivyokuwa imewahi kufika. Septemba mwaka huo, mmiliki wa klabu aliamuru wimbo wa taifa upigwe wakati wachezaji wangali vyumbani, ili Megan Rapinoe wa Seattle asipate nafasi ya kupiga goti kupinga dhuluma dhidi ya weusi. Wachezaji wa Spirit wenyewe walisema hadharani kwamba hawakukubaliana naye. Kiwanja kidogo cha Germantown kilisomwa katika magazeti ya dunia nzima kwa sababu hiyo, na sio kwa sababu ya mpira uliokuwa ukichezwa, jambo linaloniuma.

Nusu fainali ilichezwa hapo hapo, Chicago wakatolewa 2–1 katika muda wa nyongeza. Fainali ikawa Houston, 9 Oktoba 2016, dhidi ya Western New York Flash. Dunn alifunga mara mbili. Spirit iliongoza 2–1 hadi dakika za mwisho kabisa za nyongeza, pale Lynn Williams alipopanda juu ya krosi ya mwisho na kuusukuma mpira kwa kichwa wavuni: 2–2. Ikaja mikwaju ya penalti. Golikipa Sabrina D'Angelo akaokoa mitatu, Flash wakashinda 3–2. Miezi mitatu baadaye hata hao mabingwa waliuzwa wakahamishiwa North Carolina.

Spirit haikuuzwa, ilitawanywa. Kabla msimu wa 2017 haujaanza Dunn alikuwa Chelsea na Krieger alikuwa Orlando, na wengine wengi waliondoka nao. Timu iliyokuwa pumzi moja kutoka kwenye kombe iliburuza mkia, ya 10 kati ya 10. Mwanzoni mwa 2018 Gabarra alimwita Scurry awe msaidizi wake. Kichwa kilichopata jeraha katika timu ya Gabarra kilirudi kukaa naye kwenye benchi, kufundisha. Lakini mabao hayakuja. Mechi 24, ushindi mara 2 tu. Timu pekee iliyomaliza chini yao ilikuwa Sky Blue, ile nyingine aliyoilea.

Safari hii ligi haikufa, na kwa hiyo lilitokea lile ambalo makocha wa Simba na Yanga wanalijua kwa moyo. Agosti 2018, msimu ukielekea ukingoni, Gabarra akaachishwa kazi.

Siku chache baadaye, tarehe 25 Agosti, Spirit ilicheza kwa mara ya kwanza katika Audi Field, uwanja mpya ndani ya jiji la Washington, mbele ya watu karibu 8,000. Hapakuwa na nafasi ya watu hao wote Germantown. Taratibu klabu ikahamia mjini moja kwa moja, na nyasi za SoccerPlex zikabakia na watoto wa Jumamosi asubuhi, ambao wa miaka 10 na chini, mpira ukija juu, huusubiri utue.